Saa Moja na Nusu ya Mama

Kwa miaka sita kompyuta ya dukani kwetu Kariakoo ilitaja saa kama mama yangu anavyoitaja. Tulikuwa tunafungua saa moja na nusu asubuhi, na kule chini pembeni mwa kioo chake palikuwa pameandikwa 1:30. Siyo 7:30 kama kompyuta za watu wengine. Mama aliiweka hivyo kwa mkono wake mwenyewe na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa, mimi nikiwa wa kwanza kukatazwa.

Najua utasema, si angeiacha tu? Bongo nzima tumezoea kugeuza. Jicho linaona saba, mdomo unasema saa moja, wala mtu hahisi kwamba amefanya kazi. Mama alikuwa anaweza kugeuza kama mtu mwingine yeyote. Alikuwa hataki.

"Mashine nimeinunua mimi," alikuwa anasema, "iko dukani kwangu, inakula umeme wangu. Halafu iseme ya kwake, mimi niwe mkalimani wake? Thubutu."

Mama anauza vyombo kwa jumla: sufuria, mabeseni, chupa za chai, ndoo zilizopangwa hadi darini. Alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa msichana, akaanza na meza ya vikombe vya bati, na hadi leo ukimwambia kitu fulani hakiwezekani anakutazama kama umemtukania ukoo. Kompyuta alijifunza akiwa mtu mzima. Alijiandikisha masomo ya jioni Ilala, akakaa na vijana waliomaliza kidato cha nne juzijuzi, magoti yake yakigonga meza. Wiki tatu mashine ikamgomea. Anabonyeza hiki, kinafunguka kile. Wenzake wanacheka chini chini, naye anawasikia.

Kisha ikaja jioni ya kufundishwa kubadili saa. Ilikuwa saa kumi na moja, mashine inasema tano. Mama akaandika kumi na moja, akabonyeza, ikakubali. Alirudi nyumbani akipiga vigelegele tangu kwenye ngazi, majirani wakadhani kuna posa. "Imenisikiliza!" akaniambia, akanikumbatia na mkoba wake ukiwa bado begani. Nilikuwa sekondari wakati huo, na sikuelewa furaha yote ile ya nini. Lakini tangu siku hiyo mashine ilikuwa yake, na ile saa pale pembeni ndiyo iliyomhakikishia.

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilisoma kompyuta chuoni miaka miwili, nikafaulu, nikarudi kuuza sufuria. Mchafukoge kulikuwa na mzee mmoja, Mwarabu wa hapa hapa, ukoo wake umekaa mtaa ule tangu enzi za babu zake, akiuza na kutengeneza kompyuta. Fundi wake alihamia Dodoma, na meza ya ufundi ikabaki wazi, na taa yake ya kuinamisha na droo za bisibisi. Yule mzee alikwisha kuniona nikifufua mashine mbili tatu za wateja wetu, akaniambia meza ile ni yangu nikiitaka. Niliitaka mpaka nikawa naiota. Kila nikimgusia mama, jibu lilikuwa lile lile: mafundi wamejaa mji mzima, lakini wa kurithi duka hili ni mmoja tu, na yuko mbele yangu anakuna kichwa badala ya kupanga mabeseni.

Basi mwaka ule tukavutiwa intaneti dukani. Wakala aliyekuwa anatuletea vyombo alihamishia maagizo yote mtandaoni, na mama hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Mafundi walikuja, wakatoboa ukuta, wakaning'iniza kiboksi chenye taa za kijani juu ya chupa za chai, wakaondoka. Mama akakisifia kile kiboksi siku nzima. Alfajiri yake, au tuseme kesho yake asubuhi kwa sababu sisi hatufungui alfajiri, akawasha kompyuta. Ikaandika 7:32.

"Wewe mtoto," akaniita.

"Abee mama."

"Umegusa nini?"

Nikaapa sijagusa. Akairudisha 1:32, akanitazama kwa muda, akaendelea na kazi. Siku ya pili, 7:30. Siku ya tatu alinisimamisha nje barabarani, katikati ya wauza soksi na wauza vifuniko vya simu, akaingia kuiwasha peke yake huku akinichungulia dirishani kuhakikisha nimesimama palepale. Nikasikia sauti yake kabla sijaona uso wake. 7:31.

Nikaingia, nikacheka, na hapo ndipo nilipokosea, maana mama hapendi kuchekwa kabla ya chai. Nikamweleza. Nikamwambia kompyuta ikipata mtandao ina desturi yake. Ikiamka tu, kabla haijafanya jambo lolote, inaiendea saa kubwa iliyo mbali huko na kuiuliza ni saa ngapi, kisha inajirekebisha. Nikaona bado ananikodolea macho, nikatafuta namna nyepesi ya kusema. "Yaani mama, inatoa shikamoo. Mdogo akiamka anamwamkia mkubwa. Saa kubwa inaitikia marahaba na kuitajia saa."

Mama akaweka mikono kiunoni.

"Shikamoo inampa nani?"

"Saa kubwa. Iko ng'ambo."

"Aliyeinunua nani?"

"Wewe."

"Anayeifuta vumbi?"

"Wewe, mama."

"Basi imwamkie mkubwa wa nyumba kwanza, hao wa ng'ambo baadaye. Huo ni utovu wa adabu." Akavuta kiti, akakaa, akasema neno ambalo nilikuwa nalisubiri kwa miezi minane. "Wewe si unataka kwenda Mchafukoge kwa mzee wa kompyuta? Haya. Tuko hapa mpaka Krismasi tutakapoenda Moshi. Ukiweza kuifanya hii mashine initii mimi, na mambo yangu ya mtandao yaende, nenda na baraka zangu. Ukishindwa, sitaki kusikia tena habari za Mchafukoge. Unapanga mabeseni."

Niliruka kwa furaha pale pale. Ilikuwa kazi ya dakika moja! Nikafungua mipangilio, nikazima kile kipengele cha kujirekebisha kwa mtandao, nikaiweka saa ya mama. Nikazima mashine, nikawasha. 1:50. Mama akapiga makofi. Nikazima tena, nikawasha tena, ikatulia pale pale. Nikakimbia Mchafukoge mchana huo huo kumwambia mzee naanza Jumatatu, na njiani nikawapigia rafiki zangu watatu, maana mimi siwezi kukaa na habari nzuri peke yangu hata kwa nusu saa.

Ilidumu siku mbili. Siku ya tatu mama akafungua ukurasa wa wakala ili aagize mabeseni ya wateja wake wa Songea, na ukurasa ukagoma. Ulikuja na maandishi makubwa kwamba saa ya kompyuta hii si sahihi, irekebishwe kwanza. Nikayasoma mara mbili. Mtandao unapiga hesabu zake kwa saa ya dunia nzima, na sisi tulikuwa tumeiweka kompyuta yetu nyuma kwa saa sita kamili. Kwa huyo wakala, duka letu lilikuwa limechelewa na bado limelala.

Nikawasha kipengele. Ukurasa ukafunguka, saa ikaruka. Nikakizima, nikaweka saa ya mama. Ukurasa ukajifunga. Nikawasha, nikazima. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akinywa chai, haharakishi chochote.

"Kwa hiyo nikitaka kuagiza nitakupigia simu uje uiwashe, halafu nikupigie tena uje uizime?" akauliza.

"Ngoja kidogo mama."

"Nangoja. Krismasi haijafika." Akanionyesha kwa kidole mabeseni ya bluu yaliyoletwa asubuhi, bado yamefungwa kamba.

Nilipanga mabeseni yale kwa hasira mpaka makuli wakaniuliza nimegombana na nani. Nilijaribu kila kitu. Nilitafuta programu ya kubandika saa nyingine juu ya ile, mama akasema hataki saa mbili, saa mbili ni za mtu asiyejiamini. Nilijaribu kumbembeleza azoee, akaniambia amekwishazoea, amezoea ya kwake. Kulikuwa na siku nilikasirika kweli kweli. Nikamwambia huo ni ukaidi tu, dunia nzima haiwezi kugeuka kwa ajili ya duka moja la sufuria. Akaweka kikombe chake cha chai mezani. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Mimi nilikuwa nachekwa kule darasani. Hii ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza kunisikiliza." Nikajiona mdogo sana. Nikaenda kumletea chai nyingine ingawa aliyokuwa nayo haijaisha.

Wiki ya mwisho kabla ya safari nikakata tamaa. Nikavuka Mnazi Mmoja kwa miguu kwenda Mchafukoge kumwambia mzee atafute fundi mwingine. Nilimkuta nyuma ya meza yake, kofia imekaa sawasawa, kahawa mbele yake, anapuliza vumbi kwenye tumbo la mashine.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu keti. Uso huo vipi, kuna msiba?"

Akanimiminia kahawa, nikamsimulia yote, shikamoo ya kompyuta, mama, Songea, mabeseni ya bluu. Nilitegemea anionee huruma. Badala yake alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

"Mama yako ana haki," akasema. "Nyumbani kwetu, hapo juu ghorofani, kulikuwa na saa mbili ukutani. Moja ya serikali. Nyingine ya bibi yetu, jua likizama ndiyo saa kumi na mbili. Watoto wa shule tunaangalia ile, wazee wa kusali na kupika wanaangalia hii. Na zote mbili zilikuwa sahihi, sikiliza vizuri, zote. Hakuna aliyeiharibu saa. Sisi tulijua tu kwamba hii ni ya hapa na ile ni ya kule."

Akarudi kupuliza vumbi lake. Mimi nikabaki nimeshika kikombe.

Ya hapa na ya kule. Nilikuwa nimehangaika mwezi mzima na saa, na saa haikuwa na kosa. Kompyuta haiulizi saa peke yake. Ikishaambiwa saa ya dunia inaangalia imeandikishwa iko mji gani, ndipo inaandika kiooni. Yetu iliandikishwa Afrika Mashariki. Je, kama ingekuwa imeandikishwa mji mwingine, mji ambao sisi tukifungua duka saa moja na nusu, kwao ndiyo kwanza saa zao zinaandika 1:30, usiku, watu wamelala? Saa sita nyuma yetu. Lazima mji huo upo mahali fulani, dunia ni duara!

Sikumaliza kahawa. Nilimwambia mzee asitafute fundi, nikatoka mbio, na katikati ya Mnazi Mmoja nikaona mwenyewe jinsi nilivyokuwa nakimbia na kucheka kama mtu aliyechanganyikiwa, sikujali.

Dukani palikuwa na mama, mteja wake wa Songea aliyekuja kukagua mzigo, na makuli wawili wanaosubiri kupakia. Nikapita katikati yao bila kumwamkia mtu, nikafungua orodha ya miji. Nikashuka, nikashuka, nikapita Ulaya, nikavuka bahari. Saa sita nyuma. Ipo! Tena ilikuwa zaidi ya moja.

"Mama, chagua. Ajentina au Brazili?"

"Nichague nini?"

"Wewe chagua tu."

"Ajentina jezi yao si ile ya bluu na nyeupe?"

"Ndiyo."

"Na Brazili njano na kijani." Mama ni mwanachama wa damu wa timu yetu ya mpira ya Jangwani, na Jangwani rangi ni hizo hizo. Akanitazama kama nimeuliza kama maji yanalowesha. "Sasa hapo kuna swali?"

Makuli wakaangua kicheko, mmoja wao akapiga mluzi. Nikachagua Brazili. Nikawasha kile kipengele cha kujirekebisha, kile kile adui yetu. Kisha nikazima mashine kabisa, nikamwomba mama aiwashe mwenyewe kwa kidole chake.

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Akabonyeza. Tukasubiri wote, yule mteja wa Songea naye ameinama bila kujua anasubiri nini. Kioo kikawaka, taa za kijani kwenye kiboksi zikachezacheza. Pembeni pale ikaandika 4:15.

Mama akavuta kiti karibu. Akazima, akawasha tena. 4:18. Akafungua ukurasa wa wakala, ukafunguka kama mlango usio na komeo. Akazima mara ya tatu, nadhani hiyo ilikuwa kwa raha zake tu.

"Imetoa shikamoo huko ng'ambo?" akauliza polepole.

"Imetoa, mama. Imeambiwa saa ya dunia, ikaipokea vizuri. Ila yenyewe inajua iko Brazili, kwa hiyo inakuja kukuambia wewe kwa hesabu yako."

"Inajidanganya iko Brazili."

"Ndiyo."

"Iache iamini inachotaka. Mimi najua niko Kariakoo."

Kulikuwa na jambo moja nililoliogopa, nikaona bora nilitoe mwenyewe kabla halijanifumania. Nikamwambia kuna kasoro. Tarehe haitabadilika saa sita usiku kama ya watu wote. Brazili usiku wao wa manane ni alfajiri yetu, kwa hiyo kwenye mashine yake siku mpya itaanza saa kumi na mbili, kunapopambazuka.

Mama akanishika mabega yote mawili. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na nilipoona machozi nikadhani nimeharibu tena.

"Kwani siku inaanza lini?" akasema. "Nani anaamka saa sita usiku akasema kumekucha? Siku inaanza kukicha! Hata hilo imelijua!" Kisha akapiga kigelegele kirefu, kile kile cha kwenye ngazi miaka ile, na wauza soksi wakaja mlangoni kuuliza kuna nini, na mteja wa Songea akapewa beseni moja la bluu bure ingawa hakuwa amefanya lolote. Nikakaa juu ya ndoo.

Ilibaki sehemu ya pili ya ahadi, na mama hakuisahau, ingawa niliona ilivyomgharimu. Alipanga upya vifuniko ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Akauliza kama huko kwa mzee kuna feni. Nikamwambia lipo. Akauliza kama wananywa chai saa nne. Nikamwambia ni kahawa, lakini chai ipo. Mchafukoge ni mwendo wa dakika kumi na tano kutoka dukani kwetu, lakini mama alikuwa anauliza kama mtu anayemsafirisha binti Ulaya.

"Nenda," akasema mwishowe. "Ila nina sharti."

"Sema mama."

"Hiyo mashine ikiamka, kabla ya kazi yoyote, inaamkia. Umenifundisha mwenyewe. Na wewe ukifika kwenye meza yako, kabla hujashika bisibisi, uniamkie. Mimi hapa. Siyo wa ng'ambo."

Tukaenda Moshi, tukala, tukarudi. Jumatatu ya kwanza nilifika Mchafukoge mapema. Nikakaa kwenye meza yangu, nikawasha taa yake ya kuinamisha, nikavuta droo za bisibisi moja moja kuziangalia tu. Nilikuwa nimelewa furaha kiasi kwamba nikamsahau mama kabisa. Nikafungua mashine ya kwanza. Simu ikalia.

"Yangu imeshaamka," sauti ya mama ikasema. "Imeshatoa shikamoo kwa wakubwa wake wote. Ya kwako vipi, mtandao haushiki?"

Mzee alikuwa anapita na kikombe chake, akatabasamu kwa sababu simu ya mama husikika chumba kizima. Nikaweka bisibisi mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikasikia mikokoteni ikipita mlangoni kwake, mtu anaita bei ya soksi. "Huko kwenu saa ngapi?"

Nikatazama ukutani.

"Saa moja na nusu."

"Na huku saa moja na nusu," akasema. "Haya, fanya kazi."